Kitenzi "offer": mwongozo kamili kwa anayewaza kwa Kiswahili

Mwanafunzi wangu mmoja, mpokea wageni katika hoteli ya pwani, aliandika hivi kwenye daftari la zamu: "The guest gave me 20 dollars but I refused." Asubuhi meneja wake, Mwingereza, akamwita ofisini. Dola 20 ziko wapi? Binti akashangaa, maana si ameandika mwenyewe kwamba alikataa? Wakazungushana robo saa. Meneja alikuwa akisoma "gave" na kuona pesa zimeshaingia mkononi mwa mtu. Binti alikuwa na "alinipa nikakataa" kichwani, sentensi ambayo kwa Kiswahili haina kasoro hata moja. Lililokosekana ni neno moja: "The guest offered me 20 dollars, but I refused."

Tangu hapo kitenzi hiki nakifundisha wiki ya kwanza ya darasa la jioni. Wengi hunikodolea macho. Ofa si tunaijua tangu utotoni? Ndiyo, tunaijua, na hiyo ofa tunayoijua ndiyo inayotupoteza.

Hatua ya 1: Jua kitenzi kinaishia wapi

Huingia darasani na kikombe cha chai. Namnyooshea aliyekaa mbele, kisha mkono wangu unasimama njiani, kati yangu na yeye. Yeye bado hajanyoosha wake. Mvuke unapanda, darasa linacheka, mimi sisogei. Hapo kikombe kilipo hewani ndipo "offer" ilipo. Akikipokea, naweza kusema "I gave her some tea." Akitikisa kichwa, "I offered her some tea" inabaki kuwa kweli, lakini "I gave her some tea" imekuwa uongo.

Kiswahili hatuna kitenzi kimoja kinachosimama pale njiani. "Kupa" kwetu kinabeba yote mawili, mkono ulionyooshwa na mkono uliopokea, na msikilizaji anajua kipi ni kipi kwa kusikia kinachofuata. Tukitaka kuwa wazi zaidi tunazunguka: alinikaribisha chai, alitaka kunipa, alijitolea kunisaidia, alisema atanipa lifti. Kwa Kiingereza misemo hii yote minne inaangukia kwenye kitenzi kimoja: "She offered me tea", "He offered me money", "He offered to help me", "She offered me a lift". Hata mteja sokoni anayetaja bei yake, "elfu ishirini, basi", naye anafanya hivyohivyo: "The customer offered twenty thousand."

Kipimo ninachowapa wanafunzi ni hiki. Chukua sentensi yako ya Kiswahili, iongezee "nikakataa" mwishoni. Ikikubali bila kugombana na ulichosema mwanzo, na kama jibu la aliyenyooshewa mkono lilikuwa bado halijajulikana, tumia "offer". Kama kitu kimeshakabidhiwa na mtu ameondoka nacho, tumia "give".

Sasa hiyo ofa yetu. Baa, mtu akisema "leo ofa yangu", bili imeshapata mwenyewe. Ukimwambia Mwingereza "I'll give you an offer", atangoja umtajie bei ya kitu unachotaka kununua kwake. Sema "It's on me" au "I'll get these." Dukani, "sabuni iko kwenye ofa" maana yake bei imeshuka, Waingereza nao husema "on offer" kwa maana hiyo, ila Wamarekani husema "on sale", na "on sale" ya Mwingereza maana yake kitu kinauzwa tu, kwa bei yoyote ile. Ofa yetu iliyo karibu zaidi na Kiingereza cha kweli ni ile barua ya ofa ya kiwanja Tanzania, ambayo kwa miaka mingi ilitangulia hati: wenye mamlaka wamekunyooshea mkono, na wewe unatakiwa ukubali na kulipa kabla jambo halijakamilika.

Wasomaji wa Lubumbashi, Goma na Bujumbura wana mtego wao wa ziada, kwa sababu Kifaransa kina "offrir", ambacho mara nyingi ni kutoa zawadi na ikapokelewa. "Il m'a offert un livre" ina maana kitabu ninacho nyumbani. "He offered me a book" haisemi kama nilikichukua. Kwa zawadi ya siku ya kuzaliwa, Kiingereza chako kiwe "He gave me a book."

Wanasheria wa Kiingereza wamelikazia neno hili kuliko mtu yeyote. Katika kesi ya Fisher dhidi ya Bell, iliyoamuliwa Uingereza na kuripotiwa 1961, mwenye duka wa Bristol alishtakiwa kwa kuweka dirishani kisu cha kufyatuka, chenye kibandiko cha bei. Sheria ya 1959 ilikataza "kuoffer" kisu cha aina hiyo kwa mauzo. Mahakama ikasema kukiweka dirishani hakujafika huko. Ni kumkaribisha mteja aje aseme anataka kununua, na huyo mteja ndiye anayetoa "offer". Mwenye duka akashinda, na Bunge likalazimika kuirekebisha sheria. Fikra ni ileile ya kikombe: "offer" ni pale ambapo "ndiyo" ya upande wa pili inatosha kumaliza shughuli. (Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, iliyofuata mfano wa sheria ya India ya 1872, jambo hilohilo inaliita "proposal". Kwa hiyo usishangae ukikutana na maneno yote mawili kwenye mkataba wa kazi.)

Hatua ya 2: Litamke, liandike

Hapa hatukai. Mkazo uko silabi ya kwanza, na kwa bahati nzuri ndipo tunapouweka hata tukisema "ofa". Tatizo ni wakati uliopita. Wengi hutamka "o-fe-re-di", silabi nne. Kiingereza ni mbili tu, kitu kama "ófad", na hiyo "d" ya mwisho ni nyepesi. "Offering" ina tatu.

Kwenye maandishi, "r" ni moja: "offered", "offering". Anayekumbuka "referred" na "preferred" huongeza "r" ya pili kwa kuhofia kukosea. Zile mkazo wake uko mwishoni, ndiyo maana "r" hurudiwa. Zenye mkazo mwanzoni, kama "offer", "suffer" na "differ", hubaki na moja.

Hatua ya 3: Miundo mitatu, na kosa moja linaloua

Muundo wa kwanza: mtu hutangulia, kitu hufuata. "She offered me a seat." "We offered the driver some water." Ni kama "alimpa dereva maji", yambwa tendewa kwanza, yambwa tendwa baadaye. Waliosoma Kenya wataziita shamirisho kitondo na kipozi, mambo ni yaleyale. Hapa usichomeke "to". "She offered to me a seat" inakwaruza sikio.

Muundo wa pili: kitu kwanza, kisha "to", kisha mtu. "She offered her seat to an old man." Huu hutumika pale aliyenyooshewa ndiye habari yenyewe, au maelezo yake ni marefu. Kitu kikiwa "it" au "them", shika muundo huu: "She offered it to me."

Muundo wa tatu ndio wa kujitolea: "offer", halafu "to", halafu kitenzi kikavu. "He offered to drive us home." "My neighbour offered to look after the children."

Na hapa ndipo kosa lilipo. Nimelisahihisha mara nyingi kiasi kwamba nikilala naliona: "He offered me to carry my bag." Linatoka wapi? Linatoka kwetu. "Alijitolea kunibebea begi" ina "-ni-" ndani yake, na mwanafunzi mwenye bidii hataki "-ni-" ipotee, basi anaivuta mbele na kuiweka mahali ambapo "invited me to", "asked me to" na "told me to" huiweka. Lakini tazama anayefanya kazi katika sentensi hizo. "He asked me to carry the bag": mbebaji ni mimi. "He offered to carry the bag": mbebaji ni yeye. Kwenye "offer to", mwenye kunyoosha mkono na mwenye kutenda ni mtu mmoja daima, na "me" katikati inavuruga hesabu. Ile "-ni-" iache, au ipeleke mwisho: "He offered to carry my bag for me."

Basi mwanafunzi makini huuliza: na kama mtendaji ni mimi? Jirani amesema naweza kutumia simu yake. "He offered me to use his phone" haiwezekani. Njia ziko tatu, chagua: "He offered me his phone." "He offered to let me use his phone." "He said I could use his phone." Mimi huipenda ya tatu kwa sababu haina mahali pa kujikwaa.

Mengine madogo. Usiweke "-ing" baada yake. "Offered helping" haipo. Usiweke "that"; ukitaka "that", badili kitenzi useme "He said that he would help." Na kama nomino, "offer" hutengenezwa, haitolewi: "make an offer", ndiyo, "give an offer", hapana. "An offer of help" na "an offer to help" zote sawa.

Hatua ya 4: Kujitolea kwa mdomo

Nenda uwanja wa ndege wowote. Hutasikia mtu akimwambia mwenzake "I offer to help you." Kitenzi hiki mara nyingi ni cha kusimulia baadaye, au cha barua rasmi. Wakati wa kujitolea kwenyewe Kiingereza hutumia maneno mengine kabisa, na Kiswahili pia. Sisi tunasema "Nikubebee?" Neno moja, irabu ya mwisho ikageuka "e", sauti ikapanda, ukarimu wote umo humo. Kiingereza kinahitaji maneno sita:

"Shall I carry it for you?" Hii ndiyo "Nikubebee?" hasa. Ni ya Uingereza zaidi. Mmarekani ataielewa lakini hataisema sana.

"Would you like me to carry it for you?" Hii ina adabu na haina nchi. Anayefanya kazi mapokezi, mgahawani au kwenye gari la watalii, aikariri hii kwanza, nyingine zitafuata.

"Do you want me to carry it?" Ya marafiki na wafanyakazi wenza.

"Let me carry that." Hii ni "lete nikubebee", na mkono umeshafika kwenye begi. Inafaa kwa mzee mwenye mzigo mzito ngazini. Kwa mtu usiyemjua aliyekumbatia kompyuta yake, inatisha.

"I'll carry it." Umeamua papo hapo. Simu ikilia, "I'll get it." Mlango ukigongwa, "I'll get it." Wengi wetu husema "I carry for you" au "I am carrying for you", na mgeni anabaki anajiuliza kama anaarifiwa au anaulizwa. Ile "will" ndogo, "'ll", ndiyo inayogeuza taarifa kuwa msaada.

"Can I give you a hand?" Nikupe mkono wa msaada, na kwa bahati Kiswahili nacho kinaelewa. Ni ya kazi ya mikono: kusukuma gari, kupakua magunia, kuosha vyombo.

Na "Can I help you?" je? Ni sahihi, ila chunga sauti. Ikisemwa taratibu, na tabasamu, ni ukarimu. Ikisemwa na mlinzi wa geti, uso mkavu, neno "help" likakazwa, maana yake ni "wewe unatafuta nini hapa?" Ni kama "Nikusaidie nini?" ya askari wetu. Kumwambia mgeni, "How can I help you?" au "Are you being served?" ni salama zaidi.

Kuhusu chakula na vinywaji kuna jambo la "some". Shuleni tulifundishwa swali huenda na "any". Lakini mwenye kukaribisha husema "Would you like some tea?" kwa sababu anatarajia "ndiyo". "Would you like any tea?" inasikika kama mtu anayeomba Mungu ukatae.

Na "karibu chakula" haina mwenzake. Wapo wanaosema "Welcome food", na kusema kweli napenda ule moyo, lakini Mwingereza hafahamu kinachoendelea. Mtu akikukuta unakula na ni wa kumkaribisha, sema "Would you like some?" au "Help yourself." Ukisimulia: "They offered me some food." Karibu ukae ni "Please, have a seat." Ukisimulia: "They offered me a seat."

Hatua ya 5: Kujibu, na chai niliyoikosa

Mara yangu ya kwanza kufika Uingereza nilifikia kwa watu, mwezi wa Novemba, mikono imekufa ganzi. Mama mwenye nyumba akashika birika, akaniuliza: "Would you like some tea?" Nikajibu kama nilivyolelewa: "No, thank you." Nikangoja anilazimishe. Kwetu mgeni hakubali mara ya kwanza. Ukikubali papo hapo utaonekana umekuja na njaa, na mwenyeji asiyekulazimisha ataonekana mchoyo. Mama yule akasema "All right, then", akajimiminia kikombe chake, akachukua biskuti mbili, akafunika kopo kwa kiganja mpaka likalia "tak". Nililitazama lile kopo jioni nzima.

Kwa Kiingereza "no" ya kwanza ni "no". Kama unataka, kubali mara ya kwanza: "Yes, please." Au "That would be lovely, thank you." Kama unaona aibu, kuna njia ya katikati ambayo wao wenyewe huitumia: "Only if you're making one." Yaani, kama unajipikia na wewe. Ile inabeba aibu yetu yote na bado chai inakuja.

Kukataa bila kuumiza: "No, thanks, I'm fine." Mmarekani atasema "I'm good, thanks." Epuka "I don't want", ni ukweli mtupu, na ukweli mtupu mezani hausifiwi. Akiuliza "Are you sure?", hiyo ndiyo nafasi yako ya pili na ya mwisho. Ukibadili mawazo hapo: "Well, if you're sure it's no trouble." Baada ya hapo kopo linafungwa.

Upande wa pili nao una mambo yake. Mgeni wa Ulaya akisema "No, thank you" mbele ya sahani ya pilau nyumbani kwako, uliza mara moja zaidi, "Are you sure?", kisha mwache. Najua inauma. Ukiendelea "eat, eat, just a little", yeye hasikii ukarimu, anasikia kwamba jibu lake halikusikika.

Mtu akikupa ahadi ya msaada wa siku zijazo, "If you ever need a lift, just call me", na siku ikafika, msemo wake ni huu: "Can I take you up on your offer?" Yaani, ule mkono ulioninyooshea wiki iliyopita, sasa naushika. Ukiumiliki msemo huu Kiingereza chako kitapanda daraja moja mara moja.

Hatua ya 6: Kazini na penye pesa

Kauli ya kutendwa hapa hutumika sana. "I was offered a job" maana yake barua imekuja. Kama ulikwenda kazini au hukwenda, hatujui. "I got the job" maana yake kazi ni yako. Kwenye usaili ukisema "I was given a job in Mombasa" huku hukuikubali, mwajiri atauliza kwa nini haimo kwenye wasifu wako. Sema "I was offered a job in Mombasa but I turned it down." "Turn down" ni ya mazungumzo, kwenye barua andika "decline".

Barua ya mwajiri huanza "We are pleased to offer you the position of...", na hapa kitenzi kinatumika waziwazi kwa sababu ni maandishi rasmi. Jibu lake: "I am pleased to accept your offer." Ukikataa: "Thank you for your offer. I am afraid I have to decline." Hiyo "I am afraid" haina woga wowote ndani yake, ni "kwa bahati mbaya" yao.

Kosa linalofuatana na barua hizi: "I accepted to work on Sundays." Kwetu "nilikubali" hubeba yote, na Kifaransa kina "accepter de". Kiingereza kinagawa: unachokubali kikiwa kitu au "offer", ni "accept", kikiwa kitendo, ni "agree". "I accepted the offer." "I agreed to work on Sundays."

Wenye biashara ya wageni wasome hapa mara mbili. "The hotel offers airport transfers" haisemi bure. Inasema huduma ipo, ukitaka. Nimeona wageni wakibishana kaunta kwa sababu kipeperushi kiliandikwa "We offer breakfast" na wao wakadhani imo kwenye bei. Nimeona pia mwenye nyumba akiandika hivyo akimaanisha kweli imo. Kama imo, andika "Breakfast is included." Kama ni takrima, "complimentary". Kama inalipiwa, taja bei.

Kwenye mapatano ya bei, "offer" huchukua "for": "I offered him thirty thousand for the shirt." Muuzaji anayesema "Make me an offer" anasema "wewe una ngapi?" Na "open to offers" kwenye tangazo la gari ndiyo ile "bei inapungua".

Hatua ya 7: Majirani wa "offer"

"Volunteer" ni kujitolea bila kuombwa, mara nyingi mbele ya kundi: "She volunteered to stay behind." Pia ni kazi isiyo na mshahara. Ukimsaidia mtu mmoja mzigo wake, "offer" inatosha. "Volunteer" hapo inaleta taswira ya mtu aliyeinua mkono mkutanoni.

"Provide" ni kutoa kilichohitajika kikafika, na huenda na "with": "They provided us with blankets." Mashirika hupenda kuandika "offer" wakimaanisha "provide", na wakati mwingine kwa makusudi.

"Suggest" ni kushauri, na haikubali mtu mbele yake: "suggest me a hotel" ni kosa, sema "suggest a hotel". "Propose" ni ya vikao na mikataba. Ikiwa na mtu mmoja mbele, "He proposed to her", imekuwa posa. Usimwandikie bosi "I propose to you".

Kisha kuna "help" yenyewe, na hapa tuna tabia yetu ya Afrika Mashariki. "Nisaidie chumvi", "nisaidie kalamu": kwetu "nisaidie" ni njia laini ya kusema nipe. Tukihamisha, "Help me with your pen", Mwingereza anaona mtu ambaye kalamu imemshinda na anataka kusaidiwa kuitumia. Sema "Can I borrow your pen?" na "Could you pass me the salt?" Zaidi ya hapo, baada ya "help" kitenzi kinachofuata chaweza kuja na "to" au bila: "He helped me push the car", "He helped me to push the car". Zote sawa, ya kwanza husikika zaidi. Ila "offer" haina uhuru huo. "To" yake haitoki.

Hatua ya 8: Jaribu mwenyewe

Funika majibu kwa kiganja. Tafsiri kwa sauti kabla hujaandika.

"Alijitolea kunifundisha kuendesha gari." Jibu: "She offered to teach me to drive." Hapa "me" imo, lakini iko baada ya "teach", ambayo ndiyo yenye hiyo "me".

"Nilipewa chumba kikubwa zaidi, nikakataa kwa sababu ya ngazi." Jibu: "I was offered a bigger room, but I turned it down because of the stairs."

"Nikufungulie mlango?" Jibu: "Shall I open the door for you?" Kwa mgeni wa Kimarekani: "Would you like me to get the door?"

"Alinikaribisha chakula lakini nilikuwa nimeshiba." Jibu: "He offered me some food, but I was full." Aliyeandika "invited me food" arudi hatua ya 4.

"Walikubali kutupunguzia bei." Jibu: "They agreed to give us a discount." Ukiandika "offered to give us a discount", umebadilisha habari: sasa wao ndio walioanza, nyinyi hamkuomba.

"Mgeni alinipa soda, nikainywa palepale kaunta." Hii ndiyo niliyompa yule binti wa daftari la zamu, mwisho wa muhula. Akaitazama kidogo, akaandika "The guest gave me a soda and I drank it at the counter", kisha akaongeza mstari wa pili ambao sikumwomba: "He offered me another one, but I was on duty."